Diski ya nje ya terabaiti 2 baada ya miezi minane ya kazi za harusi

Diski ya nje ya kompyuta ninayoieleza hapa niliinunua Darajani kwa shilingi 230,000, na kwa miezi minane imebeba karibu kila harusi niliyoipiga video, mjini Unguja na mara tatu Pemba. Ni ile ya umbo dogo, ya inchi 2.5, isiyokuwa na waya wake wa umeme, ambayo huingia katika mkoba pamoja na kamera bila ya kuleta usumbufu. Jina la kampuni iliyoitengeneza nitaliacha kando, kwa sababu mengi nitakayoyasema yanazihusu karibu diski zote za aina hii, na mnunuzi atakayeliepuka jina moja atakutana na mambo hayo hayo chini ya jina jingine. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa kuhifadhi kazi iliyokwisha ni kifaa kizuri kwa bei yake, kwa kuhariria video juu yake hakifai, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaokifanya kifae. Baina ya hayo mawili, hata hivyo, kuna kasi nyingi ambayo mtu huipoteza bure na anaweza kuirudisha kwa gharama isiyofika bei ya sahani ya biriani.

Mimi hupiga video upande wa wanawake. Msomaji wa Zanzibar anajua maana yake: ukumbini haingii mwanamume, mabuibui yamevuliwa, na familia inayonikabidhi shughuli yake hutaka ahadi kwamba picha hazitapita katika mikono ya watu. Kwa hiyo siwezi kuzipakia katika hifadhi ya intaneti kama wafanyavyo wenzangu wanaopiga picha za watalii, wala siwezi kumwachia fundi diski akae nayo siku mbili akiipekua. Kila kitu hubaki kwangu, katika diski iliyofungwa kwa nywila. Harusi moja hunijazia kadi mbili za gigabaiti 64, na katika Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ambapo harusi hufuatana kama shanga katika uzi, kadi hizo hutakiwa tena usiku wa pili. Nikirudi nyumbani saa saba za usiku, silali mpaka gigabaiti 128 ziwe zimehamia katika diski na nimehakikisha kwamba zimefika salama.

Wiki za mwanzo kazi hiyo haikunitia mashaka, na kwa kuwa haikunitia mashaka sikuipima. Kisha waya uliokuja na diski ukasahaulika katika nyumba ya harusi Wete, nami nikatoa mwingine katika droo, ukaingia vizuri, taa ikawaka, diski ikafunguka. Tangu usiku huo uhamishaji ukawa unachukua zaidi ya saa nzima. Kompyuta ilinionesha megabaiti 34 kwa sekunde, mara 36, haikuzidi hapo hata nifanye nini, na aliye makini angeshtushwa na uthabiti huo, kwa maana diski iliyochoka hupanda na kushuka, haisimami pahala pamoja kama gari iliyofungwa kizuizi cha mwendo. Mimi sikushtuka. Nilizima antivirusi, nikafomati, nikasasisha Windows, nikabadilisha mipangilio ambayo sikuielewa vyema, na katika mwezi mzima huo nikawa nimeshajiaminisha kwamba nimeuziwa diski mbovu.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja wa Mlandege, mtu mzima wa makamo, ambaye duka lake ni meza moja na kabati la kioo. Nilimwendea kwa nia ya kumuuliza tu, huku diski nimeishika mkononi kama mtu aliyemchukua mtoto hospitali na hataki kumwachia daktari. Hakuiomba diski. Alinyoosha mkono akaushika waya, akaugeuza, akasema, "Mwanangu, hii diski haina kosa. Huu ni waya wa kuchajia simu." Nikamwambia, "Lakini Ami, unaingia sawasawa." Akacheka, akanionesha tundu la diski kwa ncha ya bisibisi. Nilitoka pale na waya mwingine wa shilingi 8,000, na usiku huo huo gigabaiti 128 zilihama kwa dakika ishirini.

Jambo hili linastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu naamini ndilo linalowafanya watu wengi wazilaumu diski zao. Tundu la diski ndogo za nje za kizazi cha USB 3.0 lina sehemu mbili zilizounganishwa: sehemu pana, ambayo ni sawa kabisa na tundu la kuchajia la simu nyingi za miaka iliyopita, na sehemu nyembamba iliyoongezwa ubavuni mwake. Waya halisi wa diski una kichwa kipana chenye umbo la sehemu zote mbili. Waya wa simu huingia katika ile sehemu pana peke yake, na diski haikatai, kwa kuwa watengenezaji walikusudia iweze kuzungumza na vifaa vya zamani. Lakini huzungumza kwa lugha ya zamani, yaani USB 2.0, ambayo ilitolewa mwaka 2000 na ambayo katika matumizi ya kweli haivuki sana megabaiti 40 kwa sekunde. USB 3.0, iliyofuata mwaka 2008, iliongeza miguso mitano juu ya minne ya mwanzo, na hiyo mitano ndiyo inayopita katika ile sehemu nyembamba. Ukiiacha wazi, umeiacha barabara kuu na kupita uchochoroni.

Kuna tofauti ya umeme pia. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampia 500, na la USB 3.0 miliampia 900. Diski ndogo inapoanza kuzungusha sahani yake, ile ya ndani inayobeba data, huvuta umeme mwingi kuliko inavyovuta baadaye, na isipoupata hutoa mlio wa kugonga-gonga, ikajitokeza na kupotea. Mlio huo huogopesha kuliko inavyostahiki. Kabla ya kuihesabu diski kuwa imekufa, ibadilishiwe waya na tundu.

Upande wa kompyuta nao una mitego yake. Matundu ya USB 3.0 mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani, lakini rangi hiyo si sharti, na kompyuta yangu ya mkononi ina matundu meusi matupu. Alama ya kutegemea ni herufi SS zilizochorwa kando ya alama ya USB. Katika kompyuta za mezani, hasa zile kuukuu zinazoletwa kutoka ng'ambo na kuuzwa tena hapa kwetu, tundu la mbele huweza kuwa la kizazi cha zamani ilhali la nyuma ni la kizazi kipya. Kigawanyo cha USB cha matundu manne, ambacho wengi wetu tunacho mezani, hugawa njia moja kwa vyote vilivyochomekwa, kwa hiyo ukisoma kadi ya kamera na kuandika katika diski kwa kupitia kigawanyo kimoja cha USB 2.0, unaugawa tena ule uchochoro. Na liko jambo ambalo nililidhani ni ushirikina mpaka nilipolijaribu mwenyewe: kichwa cha USB kikichomekwa polepole sana, miguso ya zamani hugusa mwanzo, na kompyuta huweza kuitambua diski kuwa ya USB 2.0. Kichomeke kwa mkono mmoja wa haraka na thabiti, na ikiwa kasi imesimama kwenye megabaiti thelathini na kitu, kichomoe na ukichomeke tena kabla hujatafuta sababu nyingine.

Baada ya waya kurekebishwa nilitaka kujua mwisho wa uwezo wa diski yenyewe, nikaipima kwa CrystalDiskMark, programu ya bure ambayo hupima kusoma na kuandika kwa mfululizo, kisha kwa vipande vidogo vilivyotawanyika. Kwa mfululizo ilinipa megabaiti 121 kwa sekunde katika kusoma na 114 katika kuandika. Boksi lake lilikuwa limeandikwa gigabiti 5 kwa sekunde kwa herufi kubwa za kuvutia. Hapo pana biti na pana baiti, na baiti moja ni biti 8. Tena katika USB 3.0 kila biti 8 za data husafirishwa kwa biti 10, kwa hiyo gigabiti 5 huwa ni megabaiti 500 kwa sekunde kabla ya kuhesabu makato mengine. Hata hizo ni sifa ya njia, si ya diski. Gari ya ng'ombe ukiipitisha katika barabara ya lami ya njia nne itabaki na mwendo wa ng'ombe. Sahani ya diski hii huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na megabaiti mia na kitu ndicho kiwango cha heshima kwa sahani ya mwendo huo. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba atapata zaidi kwa kununua waya wa bei ghali anamuuzia upepo.

Kiwango hicho hakibaki kimoja diski nzima. Sahani huzunguka kwa mwendo usiobadilika, na kama ilivyokuwa kwa santuri, ukingo wa nje husafiri njia ndefu zaidi katika kila mzunguko kuliko sehemu iliyo karibu na kitovu. Diski huanza kujaza ukingo wa nje, kwa hiyo inapokuwa tupu huenda kwa kasi yake bora, na inapokaribia kujaa hushuka hadi karibu na nusu ya kasi hiyo. Mimi niliigawa yangu sehemu mbili: ya mwanzo kwa kazi za msimu huu, ya pili kwa harusi zilizokwisha kukabidhiwa, ambazo hazifunguliwi ila bibi harusi apoteze nakala yake.

Vipande vidogo vilivyotawanyika ni habari nyingine, na humo diski ilinipa chini ya megabaiti 1 kwa sekunde. Si kosa lake. Kwa kila faili, kichwa cha kusomea husogezwa hadi mstari unaohusika, kisha husubiri sahani ilete mahali panapotakiwa, na kwa mizunguko 5,400 kwa dakika subira hiyo peke yake ni wastani wa milisekunde tano na nusu. Faili moja la video la gigabaiti 4 hulipa gharama hiyo mara chache. Mafaili arobaini elfu huilipa mara arobaini elfu na zaidi. Programu yangu ya uhariri hutengeneza folda ya picha ndogo-ndogo za kuharakisha kazi, na siku niliyoihamisha folda kama hiyo, ya gigabaiti 6 tu, nilikaa dakika arobaini nikiitazama. Siku hizi nazifunga folda za namna hiyo kuwa faili moja la zip ndani ya kompyuta, bila ya kuzibana, kwa maana picha zilizokwisha kubanwa hazibaniki tena, kisha nalihamisha faili hilo moja. Kufunga huchukua dakika tatu, kuhamisha dakika moja. Katika ushauri wote wa kuongeza kasi bila ya kununua kitu, sijaona unaoufikia huo.

Mpaka hapo diski ilikuwa imenirudishia imani. Katika mwezi wa sita, ikiwa imejaa robo tatu na baada ya mimi kufuta harusi za zamani ili nipate nafasi, ilifanya jambo jipya: ilianza kwa megabaiti 105 kwa sekunde, ikaenda vizuri kwa gigabaiti arobaini hivi, halafu ikaporomoka hadi chini ya 30, na mara nyingine ikasimama kabisa kwa sekunde kadhaa kama mtu aliyepaliwa. Waya ulikuwa ni ule ule mzuri, tundu lile lile. Jibu nililipata katika karatasi ya maelezo ya kiufundi ya diski, maana boksi halikulisema: inatumia namna ya uandishi inayojulikana kwa herufi SMR, yaani mistari ya data hupandanishwa.

Aliyewahi kuangalia paa la makuti likiezekwa hatahitaji mchoro. Fundi huanza chini, ukingoni, akapanda juu, na kila safu huifunika sehemu ya safu iliyo chini yake. Kwa njia hiyo paa hupokea makuti mengi katika nafasi ndogo na maji hayapiti. Ugumu huja pale safu moja ya katikati inapooza, kwa sababu huwezi kuibadilisha bila ya kuzifungua zilizo juu yake na kuzifunga upya. Diski ya SMR imeezekwa hivyo hivyo. Kichwa cha kuandikia ni kipana kuliko cha kusomea, kwa hiyo mstari mpya huruhusiwa kuufunika mstari uliotangulia mpaka ubaki ukanda mwembamba unaotosha kusomwa, na hivyo data nyingi zaidi huingia katika sahani ile ile. Kuandika mfululizo katika mahali patupu hakuna tabu. Kuandika upya katikati ya mistari iliyojaa kunailazimisha diski kuisoma mistari inayofuata, kuiweka kando, kisha kuiandika yote tena. Ili mtumiaji asiyaone hayo, diski hutenga eneo dogo lisilopandana, ikapokea kazi humo kwa kasi, na kuipanga baadaye inapopumzika. Eneo hilo likijaa kabla ya mapumziko, ndipo unapoiona ile kasi ya chini ya 30.

Kwa hiyo dawa ni mapumziko. Siku hizi nahamisha kadi ya kwanza, naenda kuoga na kula, diski nikiiacha imechomekwa na kompyuta ikiwa macho, kisha nahamisha ya pili. Sifuti mafaili mojamoja kila siku. Nafuta harusi nzima kwa pamoja, na naacha robo ya diski ikiwa tupu. Pia nimeacha kabisa kuipanga upya kwa zile programu za kukusanya vipande vya mafaili, ambazo kwa diski za zamani zilikuwa na faida ya wazi, lakini kwa hii ni sawa na kulifumua paa zima kwa ajili ya kuti moja. Mtu anayenunua diski ya kufanyia kazi, na si ya kuhifadhia tu, amuulize muuzaji juu ya SMR kabla ya kutoa pesa, na muuzaji asipojua, atafute namba ya toleo katika maelezo ya mtengenezaji.

Mipangilio ya Windows iliyobaki naipitia kwa haraka kwa sababu faida yake ni ndogo kuliko sifa yake. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, la mwaka 2018, diski za nje huwekwa katika hali ya kuondolewa haraka, ambapo kompyuta haikusanyi data kabla ya kuiandika. Unaweza kuibadilisha iwe hali ya ufanisi zaidi, na mimi nilipofanya hivyo nilipata nyongeza kidogo katika mafaili madogo na karibu hakuna katika video. Lakini katika hali hiyo data inayosubiri hupotea umeme ukikatika au diski ikichomolewa bila ya kuagwa. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, kwa umeme huu wa visiwani tunaoujua, asiiguse. Niliirudisha kama ilivyokuwa.

Mfumo wa faili, yaani utaratibu ambao diski huyapanga mafaili, ni NTFS, kwa kuwa natumia Windows peke yake; diski ndogo za kukabidhi wateja naziweka exFAT, ambayo Mac huweza kuiandika pia, ilhali FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4 na hivyo haifai kwa video. Antivirusi hukagua kila faili linaloingia na hupunguza kasi kidogo, nami nimeamua kuivumilia, kwa sababu kadi zangu hupita katika kompyuta za watu. Kuhusu kuifunga diski kwa nywila kwa zana ya Windows iitwayo BitLocker, ambalo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kasi ilishuka kwa megabaiti tano au sita tu kwa sekunde, kwani kompyuta za miaka hii zina amri maalumu za kazi hiyo ndani ya kichakataji (prosesa). Kinachochosha ni kuifunga diski iliyokwisha kujaa, kazi ya saa nyingi. Ifungwe siku inaponunuliwa, ikiwa bado tupu.

Kwa uhariri wenyewe nilinunua katika mwezi wa saba diski nyingine ya nje isiyo na sahani, ya aina ya SSD, ya gigabaiti 500 tu. Kwa tundu lile lile na kompyuta ile ile hunipa zaidi ya megabaiti 400 kwa sekunde, na haijali mafaili madogo kwa kuwa haina kichwa cha kusogeza. Kwa kila gigabaiti bei yake ni kubwa, na ndiyo maana haijaiondoa ile ya terabaiti 2 nyumbani: kazi huanza katika SSD, ikikamilika huhamia kwa ile kubwa, ikiwa ni mafaili makubwa, mara moja, katika mahali patupu, yaani kwa namna ile ile ambayo diski yenye mistari iliyopandana huipenda.

Kwa matumizi hayo naipa diski hii nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokatwa ni ya boksi lililotaja gigabiti 5 kwa herufi kubwa na kunyamaza juu ya SMR. Waya wa Mlandege nimeushonea kitambaa chekundu na kuufunga kwa uzi katika mfuko wa diski, usije ukasahaulika tena Wete, na waya za simu nimezihamishia jikoni.